Mtoto Aliyegeuka Tabia: Habari za Maradhi ya Shaba Mwilini

Mwezi huu nataka kunena nanyi neno ambalo kila mwalimu aliyekaa darasani miaka mingi amekwisha kuliona, na wazazi wengine wamelionja kwa machozi. Mtoto alikuwa mpole, msikivu, mwenye mwandiko mzuri na kushika masomo yake. Akafika miaka kumi na mitatu, kumi na minne, kumi na mitano. Kisha akaanza kugeuka. Hasira humjia bila sababu. Hulia, na punde hucheka pasipo neno la kuchekesha. Usiku halali. Aliyekuwa wa kwanza darasani sasa ni wa mwisho, na vyombo humponyoka mikononi. Watu wa nyumbani wasema, "Ni ujana." Jirani wasema, "Amerogwa." Mwalimu asema, "Ni uvivu." Na wako ndugu kanisani wasemao, "Ni pepo huyo. Aombewe tu, asipelekwe hospitali."

Mimi nami sina haki ya kumlaumu mtu. Zamani nilipokuwa kijana katika kazi ya ualimu, nalikuwa na mwanafunzi ambaye mwandiko wake uliharibika mwaka mzima. Nalimwonya, kisha nikampiga mikononi kwa fimbo. Mikono ile ilikuwa ikitetemeka kabla sijaigusa, nami nikadhani anatetemeka kwa hofu. Baadaye aliacha shule, na kwao wakahama. Hata leo sijui alikuwa na nini, kwa sababu sikuuliza. Tangu hapo nimejitahidi kusoma na kuuliza madaktari, na haya niliyojifunza nayaandika ili mwingine asifanye kama nilivyofanya mimi.

Maradhi yenyewe

Yako maradhi yatokanayo na namna mwili unavyotengeneza chakula na kutupa takataka zake. Mtu huzaliwa na kasoro ndogo katika kazi hiyo, na kasoro ikikaa miaka mingi huweza kuugusa ubongo. Hapo mtoto huonekana mgonjwa wa akili, kumbe mzizi wa ugonjwa uko mbali, pengine katika ini. Katika hayo nitaeleza moja hasa, liitwalo maradhi ya Wilson, kwa maana linajulikana vema na lina dawa.

Shaba mnaijua, ndiyo ile ifuliwayo bangili na kufanywa nyaya. Mwili wa kila mtu wahitaji shaba, lakini kidogo sana. Twaila kila siku bila kujua, kiasi cha miligramu 1 au 2, katika maharagwe, karanga, nafaka na nyama. Ini hutwaa inayohitajiwa, na iliyozidi huitoa kwa njia ya nyongo, ikatoka pamoja na choo. Basi wako watu, yapata 1 katika 30,000, ambao tangu kuzaliwa mlango ule wa kutolea shaba katika ini haufanyi kazi. Shaba huingia kila siku, wala haitoki ipasavyo. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto hukua, hucheza, husoma, wala hakuna ajuaye kwamba ini lake linajaa. Likiisha kujaa, shaba humwagika katika damu, ikaenda kukaa katika ubongo, na macho, na figo. Kwa sababu hiyo dalili hazionekani kwa mtoto mchanga, bali huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 5 na 35, na wengi huanza katika ujana.

Dalili zenyewe hazifanani kwa wote. Wengine huanza kwa ini: macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba. Wengine huanza kwa viungo: mikono kutetemeka, ulimi kuwa mzito, mate kudondoka, uso kukakamaa kana kwamba mtu anatabasamu asipopenda. Na wengine huanza kwa akili: masomo kushuka, hasira, huzuni, kutenda mambo ya aibu asiyoyatenda zamani, na pengine kuamini mambo yasiyokuwapo. Hawa wa mwisho ndio wapatao taabu zaidi, maana hutibiwa kama wagonjwa wa akili tu, na miezi hata miaka hupita kabla mtu hajafikiri kulitazama ini.

Jinsi yalivyojulikana

Mwaka 1902 na mwaka 1903 madaktari wawili wa macho, Wajerumani, Bernhard Kayser na Bruno Fleischer, waliandika habari za wagonjwa wenye pete ya rangi ya kijani iliyochanganyika na hudhurungi, ikizunguka ukingo wa kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho. Hawakujua bado kwamba pete ile ni shaba.

Mwaka 1912 daktari Samuel Alexander Kinnier Wilson, aliyefanya kazi katika hospitali ya maradhi ya mishipa ya fahamu huko London, alichapisha andiko refu la utafiti. Alieleza vijana aliowaona mwenyewe, akaongeza habari za wengine walioandikwa na madaktari waliomtangulia. Wote viungo vyao vilikuwa vimekakamaa na kutetemeka, na walipokufa walionekana wana ubongo ulioharibika ndani na ini lililojaa makovu. Wilson alikuwa mtu wa kwanza kulikusanya jambo hili likawa ugonjwa mmoja wenye jina. Lakini hakuwa na dawa. Siku zile aliyepatwa alikufa, hapakuwa na njia nyingine.

Mwaka 1948 John Cumings wa London alionyesha kwamba ini na ubongo wa wagonjwa hao vimejaa shaba. Tangu hapo madaktari wakaanza kutafuta kitu cha kuikamata na kuitoa. Mwaka 1951 walitumia dawa ya sindano iliyotengenezwa wakati wa vita ili kushindana na sumu ya gesi. Ilisaidia, lakini sindano zake ziliumiza sana. Kisha daktari Mwingereza, John Walshe, alipokuwa akijifunza Boston, Marekani, aliona mgonjwa wa maradhi haya, akakumbuka kitu kiitwacho penisilamini alichokiona zamani katika mkojo wa watu waliotibiwa kwa penisilini. Aliwaza kwamba umbo la kitu kile laweza kuishika shaba. Kabla hajampa mgonjwa, alikimeza mwenyewe kwanza, aone kama hakimdhuru. Mwaka 1956 alitangaza kwamba shaba inatoka kwa mkojo. Basi ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukapata dawa ya kumeza.

Jinsi madaktari wanavyoyapima

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha peke yake, bali hukusanya ushahidi kama mashahidi barazani.

Shahidi wa kwanza ni jicho. Daktari wa macho hulitazama kwa taa yake maalum yenye kukuza, akitafuta ile pete ya Kayser na Fleischer. Karibu wagonjwa wote ambao ubongo wao umekwisha kuguswa wanayo. Wale ambao ini tu limeguswa, karibu nusu hawana. Kwa jicho tupu pengine haionekani, hasa katika macho meusi kama yetu. Taa hiyo iko katika hospitali nyingi zenye kliniki ya macho, na kipimo hakiumizi.

Shahidi wa pili ni damu. Katika damu mna kitu kiitwacho seruloplazmini, ambacho huibeba shaba. Kwa kawaida kiasi chake ni miligramu 20 mpaka 40 katika desilita moja ya damu. Kwa wagonjwa wengi kimepungua sana. Lakini huweza kupungua pia kwa mtoto mwenye utapiamlo mkubwa, au kuonekana sawa kwa mgonjwa wa kweli aliye na homa au uvimbe. Basi lisisemwe neno la mwisho kwa damu peke yake.

Shahidi wa tatu ni mkojo wa mchana na usiku mzima, saa 24, ukusanywao katika chombo safi ambacho hospitali hukitoa. Mgonjwa aliyeanza kuonyesha dalili mara nyingi hutoa shaba zaidi ya mikrogramu 100 kwa siku. Hapa msaada wa nyumbani ni mkubwa: mkojo wa mara moja ukimwagwa, hesabu yote huharibika.

Yakiwapo mashaka, huchukuliwa kipande kidogo cha ini kupimwa shaba yake, au hufanywa picha ya ubongo, au hutafutwa ile kasoro ya urithi iliyogunduliwa mwaka 1993. Mwaka 2001 wataalamu walikutana Leipzig, Ujerumani, wakaweka utaratibu wa kutoa alama kwa kila ushahidi. Alama zikifika 4 au zaidi, ugonjwa umethibitika.

Dawa zake, na hatari ya kuziacha

Dawa ni za namna mbili. Ya kwanza huikamata shaba na kuitoa kwa mkojo. Nayo ni penisilamini, au trientini kwa wale wasioivumilia penisilamini. Ya pili ni zinki, ambayo huizuia shaba isipenye kutoka matumboni. Penisilamini humezwa tumbo likiwa tupu, pamoja na vitamini B6, na daktari huanza na kiasi kidogo akaongeza polepole, kwa sababu wagonjwa wengine hutetemeka zaidi siku za kwanza. Jamaa wakiona hivyo wasiitupe dawa, bali warudi kwa daktari upesi.

Mgonjwa huambiwa asile maini, wala kaa, kamba na chaza, wala uyoga, wala korosho na karanga kwa wingi, wala chokoleti. Tena asipike wala kunywa katika chombo cha shaba. Lakini msije mkatupa vyombo vya shaba kwa ajili ya watu wazima wa afya, wala kumnyima mtoto mzima maharagwe. Katazo hili ni la mgonjwa peke yake. Wala mtu asidhani kwamba kuacha vyakula kwatosha bila dawa.

Dawa hizi ni za maisha yote, kama mafuta ya taa iwakayo: yakikoma, taa huzimika. Wako vijana waliopona, wakarudi shule au kazini, wakajiona wazima wakaziacha. Baada ya muda ini likaharibika ghafula, wakafa. Na aliyechelewa sana pengine ini lake halitengenezeki tena, akahitaji kupandikizwa ini jingine, jambo ambalo ni gumu na la gharama kubwa. Kwa hiyo siku za mwanzo ni za thamani. Aliyegunduliwa kabla ubongo haujaumia aweza kuishi miaka mingi kama watu wengine.

Si kosa la mama wala la baba

Hapa nawaomba wasomaji wasome polepole, kwa maana nyumba nyingi zimevunjika kwa kutojua neno hili. Ugonjwa huu hurithiwa kutoka pande zote mbili. Baba ana kasoro moja iliyofichika, na mama ana kasoro moja iliyofichika. Wote wawili ni wazima, wala hawajui. Mtoto akipokea zote mbili, huugua. Watu wenye kasoro moja ni wengi, yapata 1 katika 90. Basi mume asimwambie mkewe, "Ugonjwa huu umetoka kwenu," maana umetoka kwao na kwake pia. Wala pasitafutwe mchawi katika ukoo. Kumbukeni habari za yule aliyezaliwa kipofu, katika Injili ya Yohana, sura ya 9: wanafunzi waliuliza dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake, naye Bwana alikataa yote mawili.

Tena liko neno la faida kubwa katika urithi huu. Kila ndugu wa mgonjwa, wa baba na mama wale wale, ana hatari ya 1 katika 4 kuwa naye anao, hata kama anacheza mpira na kula vizuri. Kwa hiyo mmoja akithibitika, ndugu zake wote yafaa wapimwe. Akipatikana mdogo mwenye ugonjwa usioanza kuonekana, hupewa dawa mapema, asifikie kamwe mateso ya mkubwa wake. Kwa njia hii taabu ya mtoto mmoja huweza kumwokoa mwingine.

Maradhi mengine ya namna hii

Yako mengine, nayo ni haba kama hili. Porifiria huanza baada ya kubalehe, hasa kwa wasichana: tumbo huuma vikali, akili huchafuka, na mkojo ukikaa penye mwanga hugeuka kuwa mwekundu au mweusi, kukaa na njaa na dawa fulani huyaamsha. Yako maradhi ya mwili kushindwa kutupa takataka za nyama, ambapo mtu hutapika na kuchanganyikiwa baada ya kula nyama nyingi, au baada ya homa, au baada ya kujifungua. Kipimo chake ni amonia katika damu. Homosistinuria humfanya kijana kuwa mrefu na mwembamba, lenzi ya jicho ikahama mahali pake. Na wagonjwa wake wengine, yapata nusu, husaidiwa na vitamini B6. Yapo na yale yaitwayo Niemann-Pick ya aina C, ambapo kijana hushindwa kuyapeleka macho juu na chini, na pengine huanguka anapocheka.

Sisi si madaktari, wala hatuna haja ya kuyashika majina haya yote. Tushike dalili zinazofanana. Akili inayochafuka mara kwa mara kufuatana na chakula, njaa au homa. Masomo yanayozidi kushuka. Kutetemeka, kujikwaa au ulimi kuwa mzito pamoja na ugeni wa tabia. Ini, wengu au macho kuwa na ila. Dawa za akili zinazomzidishia ugonjwa badala ya kumtuliza. Ndugu aliyekufa kwa ini angali kijana. Mojawapo ya hayo yatosha kumwuliza daktari, "Je, mwili wake umepimwa?"

Mashauri kwa wazazi na waalimu

1. Msiruke upande wa pili. Vijana walio wengi wenye ugonjwa wa akili hawana maradhi haya. Daktari atatazama kwanza yale yaliyo mengi: malaria, kifafa, maambukizo, ulevi na bangi, huzuni na mateso ya nyumbani. Na ugonjwa wa akili wenyewe ni ugonjwa, si aibu. Kijana aliyepewa dawa za akili asiachishwe kwa sababu mmesoma gazeti hili.

2. Andikeni. Mzazi na atwae daftari, aandike siku mtoto alipobadilika, alichokula, homa aliyopata, dawa aliyomeza, na kilichofuata. Daktari humwona mtoto nusu saa. Ninyi mwamwona mwaka mzima.

3. Mwalimu ayatunze madaftari. Mwandiko wa mwaka jana na wa mwaka huu ukiwekwa pamoja ni ushahidi ambao daktari hawezi kuupata penginepo. Nami najuta kwamba sikuyatunza ya yule mwanafunzi wangu.

4. Msifiche. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kama katika ukoo yuko aliyekufa kwa ini au kwa wazimu angali kijana, mwambieni daktari, hata kama ni neno la aibu kwenu.

5. Ombeni, tena pelekeni. Yule baba wa Injili mwenye mwana aliyeanguka motoni na majini hakukaa nyumbani. Alimchukua mwanawe akamleta, akaeleza tangu lini jambo lile lilianza. Na Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu. Sala na hospitali si maadui. Lakini kumfunga kijana kamba, kumnyima chakula ili pepo atoke, au kumpiga, ni dhambi. Na kwa maradhi mengine niliyoyataja, kumnyima chakula peke yake kwaweza kumwua.

6. Msiposikilizwa mara ya kwanza, rudini kwa adabu. Vipimo hivi havipatikani kila mahali, na daktari wa karibu aweza kumwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Anzeni na macho, maana hicho ni kipimo chepesi.

Nimemaliza, wapenzi wangu. Walio wengi kati yenu hawatamwona mgonjwa wa maradhi haya maisha yao yote. Lakini gazeti hili husomwa katika nyumba nyingi na shule nyingi, na yamkini katika moja yake yuko sasa mtoto ambaye wiki hii ameitwa mvivu, au mwovu, au mwenye pepo, naye mwenyewe hajui limempata nini. Huyo ndiye niliyemwandikia. Mwalimu wake akiona mikono inatetemeka juu ya daftari, na aiweke fimbo chini, amwulize tangu lini, kisha akaonane na wazazi jioni ile ile. Bwana atupe macho ya kuona na subira ya kuuliza. Amina.